Kazi ya Mchezaji wa Katikati

Mtu akiuliza katika mabweni ya shule hii ni nani apendaye kucheza mbele, mikono yote huinuka. Akiuliza ni nani apendaye kucheza nyuma, wataoinua mikono ni wachache, lakini wapo, maana beki huogopwa. Akiuliza ni nani atakayecheza katikati, watu hutazamana. Sababu yake si ngumu kuijua. Mchezo ukiisha, mfungaji hubebwa juu juu, na golikipa aliyedaka penalti hupigiwa makofi hata siku ya tatu. Mchezaji wa katikati, aliyekimbia toka mwanzo hata mwisho, hupewa kipande chake cha chungwa kama wengine, na habari yake imekwisha.

Nasema haya kwa kuwa mimi mwenyewe ni mchezaji wa katikati. Nimevaa jezi namba sita ya bweni letu tangu Kidato cha Pili. Muhula huu timu ya shule inachaguliwa, na rafiki zangu wamenishauri nimwombe mwalimu wa michezo anipeleke mbele, nipate kuonekana na wachaguaji. Shauri hilo limenipa mawazo mengi. Ndipo nikaona ni vyema nitafute habari za mtu mmoja aliyeifanya kazi hii katika viwanja vikubwa vya dunia, nijue kama ina faida au haina. Mtu huyo ni Miralem Pjanić wa Bosnia, ambaye jina lake la pili hutamkwa kama tungeandika “Pyanich”. Haya ndiyo niliyoyapata, na fikira zangu juu yake.

Kwanza tulitazame jina la kazi yenyewe. Wazee wetu waliocheza zamani walimwita mchezaji huyu hafubeki. Siku hizi tunamwita kiungo, na kwa maoni yangu hilo ni jina zuri mno. Kiungo ni pale mfupa mmoja unapokutana na mwingine, kama vile goti na kiwiko. Kiungo pia ni kile kitiwacho chunguni, kama vile bizari, tangawizi au kitunguu saumu. Mlaji hasemi, “Nimekula tangawizi.” Husema, “Nimekula mchuzi mzuri.” Lakini siku ambayo tangawizi haikutiwa, hujua mara moja kuwa kuna kitu kimepungua. Basi ndivyo alivyo mchezaji wa katikati.

Pjanić alizaliwa tarehe 2 Aprili 1990 katika mji wa Tuzla, wakati Bosnia ilipokuwa bado ni sehemu ya nchi iliyoitwa Yugoslavia. Baba yake, Bwana Fahrudin, naye alikuwa mchezaji, lakini si wa klabu kubwa. Alicheza katika daraja la tatu. Hali ya nchi ilipoanza kuharibika, wazazi walimchukua mtoto wao mchanga wakahamia Luxembourg, nchi ndogo iliyo katikati ya Ufaransa, Ujerumani na Ubelgiji. Vita vya Bosnia vilianza mwaka 1992 vikaendelea hata mwaka 1995. Watu wapatao 100,000 walikufa, na zaidi ya milioni mbili waliyahama makwao. Kwa hiyo kila ninaposoma juu ya magoli ya mtu huyu, hukumbuka kwamba mwanzo wake ulikuwa ni baba na mama waliofunga mizigo kwa wakati.

Huko ugenini baba aliendelea kucheza mpira, na mtoto akawa akimfuata mazoezini. Masomo yake ya kwanza ya mpira aliyapata kando ya uwanja, akimtazama baba yake. Alianza kuchezea klabu ya Schifflange, katika mji mdogo wa jina hilo hilo. Alipokuwa na umri wa miaka 14, klabu ya Metz, iliyo ng'ambo ya mpaka katika Ufaransa, ilimchukua imfundishe. Ningependa wanafunzi wenzangu walitie moyoni jambo jingine pia. Kwa sababu ya kukua katika nchi ya watu wa lugha nyingi na kufanya kazi katika nchi mbalimbali, Pjanić husema Kibosnia, Kiluxembourg, Kifaransa, Kijerumani, Kiingereza na Kiitaliano. Mchezaji wa katikati hapana budi aseme na beki wake na mchezaji wa mbele pia, na asiyejua lugha ya mwenziwe atampaje mpira kwa wakati?

Mwaka 2007, akiwa na miaka 17, alianza kucheza katika timu ya kwanza ya Metz. Mwaka uliofuata Metz iliteremka daraja, na Pjanić akanunuliwa na Lyon, ambayo siku zile ilikuwa klabu kubwa kuliko zote katika Ufaransa, maana ilikuwa imetwaa ubingwa wa nchi miaka saba mfululizo. Huko alimkuta Juninho, Mbrazili aliyekuwa bingwa wa kupiga mipira ya adhabu. Siri ya Juninho ilikuwa kuupiga mpira hivi kwamba ukaruka bila kuzunguka sana. Wale wasomao fizikia watanielewa nikisema kwamba mpira uzungukao hufuata njia moja iliyopinda, lakini usiozunguka husukumwa na hewa huku na huku, na golikipa hawezi kujua utaangukia wapi. Pjanić alikaa na Juninho msimu mzima. Juninho alipoondoka mwaka 2009, jezi yake namba nane alipewa kijana huyu wa miaka 19. Naye baadaye alikuja kujulikana kuwa mmoja wa wapigaji bora wa mipira ya adhabu katika Ulaya. Aliyekaa karibu na fundi hakutoka mikono mitupu.

Tarehe 10 Machi 2010 Lyon ilikwenda Madrid kucheza na Real Madrid katika Ligi ya Mabingwa wa Ulaya. Mchezo wa kwanza Lyon ilikuwa imeshinda kwao kwa goli 1 kwa 0. Real Madrid ilikuwa na Cristiano Ronaldo na Kaká, walionunuliwa mwaka uliotangulia kwa fedha nyingi sana, na Ronaldo alifunga katika dakika ya sita tu. Watu wakadhani mambo yamekwisha. Katika dakika ya 75 Pjanić aliupata mpira ndani ya eneo la hatari akaupiga wavuni. Mchezo ukaisha 1 kwa 1, Real Madrid ikatolewa mashindanoni uwanjani mwake, na Lyon ikafika robo fainali. Usiku ule kila mtu alilijua jina la Pjanić.

Sasa ningeweza kuishia hapo, na wale rafiki zangu wangeniambia, “Umeona? Alijulikana kwa sababu alifunga.” Hata mimi nilipofika hapa katika habari zake nilidhani jibu limekwisha kupatikana, nalo ni kwenda mbele. Lakini aliyoyafanya baada ya hapo ndiyo yaliyonifunza zaidi.

Mwaka 2011 alikwenda Italia katika klabu ya Roma, akakaa huko misimu mitano. Alicheza vizuri, na katika msimu wake wa mwisho, ule wa 2015 hadi 2016, alifunga magoli 10 katika ligi na kuwapa wenzake pasi nyingi za magoli. Lakini katika misimu yote mitano Roma haikupata kikombe hata kimoja. Mwaka 2016 alinunuliwa na Juventus kwa euro milioni 32. Hapo ndipo mwalimu wa timu, Massimiliano Allegri, alipofanya jambo ambalo wengi wetu tungeliona ni kushushwa cheo. Hakumpeleka mbele zaidi, karibu na goli, bali alimrudisha nyuma, mbele kidogo ya mabeki, mahali alipokuwa akicheza Andrea Pirlo kabla ya kuondoka mwaka 2015. Kazi yake ikawa kuupokea mpira kutoka kwa mabeki, kuinua kichwa, na kuamua mchezo uende wapi na kwa mwendo gani.

Magoli yake yalipungua. Hakufikisha tena 10 katika msimu mmoja wa ligi. Lakini vikombe vilikuja. Juventus ilichukua ubingwa wa Italia mwaka 2017, 2018, 2019 na 2020, na Pjanić alikuwamo katika yote minne. Ilichukua pia Kombe la Italia mwaka 2017 na 2018. Sisemi kwamba vikombe vyote hivyo ni vyake peke yake, maana Juventus ilikuwa bingwa hata kabla hajafika, na kidole kimoja hakivunji chawa. Nasema tu kwamba alikubali kusogea mbali na goli ili timu ipate kulikaribia, na hasara yake haikuwa kubwa kama mtu angalivyodhani.

Labda msomaji asiyecheza atauliza kazi hiyo ya nyuma kidogo ina ugumu gani. Nitajaribu kueleza kwa yale ninayoyajua uwanjani. Mchezaji wa mbele huwa na goli mbele ya macho yake, na beki huwa nalo mgongoni pake. Aliye katikati ana watu pande zote nne. Akingoja mpira ufike miguuni ndipo atazame, amechelewa, maana adui amekwisha kufika. Kwa hiyo hutazama kabla. Hugeuza shingo kulia, akageuza kushoto, akajua mwenziwe yuko wapi na adui yuko wapi, hata mpira ukifika jibu liko tayari. Husimama ubavu ubavu, si kwa kuuelekea mpira wote, apate kugeuka upesi. Na tena lazima ajue kuchagua. Pasi ndefu hupendwa na watazamaji, lakini mara nyingi pasi fupi ya hatua tano ndiyo inayofungua njia. Nimewatazama wachezaji wa kazi hii katika televisheni ya mjini nikahesabu mara wanazogeuza shingo kabla ya kupata mpira, nikaacha kuhesabu kwa kuwa ni nyingi mno.

Wala nisiwafanye wasomaji wadhani kwamba safari yake ilikuwa ya sukari tupu. Tarehe 3 Juni 2017, katika mji wa Cardiff, Juventus ilicheza fainali ya Ligi ya Mabingwa na Real Madrid ikafungwa magoli 4 kwa 1. Mwaka 2020 Pjanić alikwenda Barcelona, klabu ambayo kila mchezaji huitamani, akiwa na miaka 30. Huko alipata Kombe la Mfalme la mwaka 2021, lakini michezo mingi aliitazama akiwa amekaa benchi. Msimu wa pili akaazimwa kwa Beşiktaş ya Uturuki. Mwaka 2022 akaenda Sharjah katika Falme za Kiarabu, na mwaka 2024 CSKA ya Moscow katika Urusi. Wahenga walisema kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mtu aliyezoea viwanja vya Turin na Madrid alikubali kwenda kucheza ambako watazamaji ni wachache zaidi, na akaendelea kugawa mipira yake.

Limebaki jambo moja ambalo tumelibishania sana bwenini, nalo ni hili: Pjanić alilelewa Luxembourg, akaichezea nchi hiyo katika timu zake za vijana. Mwaka 2006 Luxembourg iliandaa mashindano ya Ulaya ya vijana wasiozidi miaka 17, na ilipofungwa na Hispania magoli 7 kwa 1, lile moja lilikuwa lake. Lakini mwaka 2008 alipotakiwa kuchagua timu ya wakubwa, alichagua Bosnia, nchi aliyoiacha akiwa hajui hata kusema. Wengine wetu husema alikosa shukrani kwa nchi iliyomlea. Wengine husema mwacha asili ni mtumwa. Mimi naona kwamba mtu anaweza kuwashukuru wote wawili, aliyemzaa na aliyemlea, lakini uwanjani huvaa jezi moja tu, na kuichagua si kuitukana nyingine. Tena hakuchagua penye raha. Bosnia ni nchi ya watu wapatao milioni tatu na nusu, wala ilikuwa haijapata kamwe kufika Kombe la Dunia.

Na katika nchi ile kazi ya kiungo ilitakiwa hata nje ya uwanja. Bosnia ina jamaa kubwa tatu za watu, yaani Wabosniaki, Waserbia na Wakroatia, ambao katika vita vile walipigana. Baada ya vita, hata chama cha mpira kilikuwa na viongozi watatu wakipokezana uenyekiti, mmoja kwa kila jamaa. Mwezi wa Aprili 2011 FIFA na UEFA zilikifungia chama hicho kwa sababu hazikutaka uenyekiti wa watu watatu, na timu ya taifa ikawa katika hatari ya kukosa michezo yake. Akaitwa mzee Ivica Osim, aliyekuwa mwalimu wa mwisho wa timu ya Yugoslavia kabla ya nchi ile kuvunjika, na ambaye mwaka 1992 alijiuzulu kazi hiyo wakati mji wake wa Sarajevo ulipokuwa ukipigwa mizinga. Mzee huyu aliongoza kamati iliyozungumza na pande zote, na katika muda wa miezi miwili hivi kufuli likafunguliwa. Katika timu yenyewe, Pjanić, mtoto wa Kibosniaki, alicheza pamoja na Zvjezdan Misimović, aliyezaliwa Ujerumani kwa wazazi wa Kiserbia kutoka Bosnia. Wote wawili walikuwa wachezaji wa katikati. Baba zao wangeweza kuwa maadui. Wao walipeana pasi.

Mara mbili, mwaka 2009 na mwaka 2011, Bosnia ilifika mlangoni mwa mashindano makubwa ikafungwa na Ureno. Hatimaye tarehe 15 Oktoba 2013, katika mji wa Kaunas huko Lithuania, ilishinda 1 kwa 0 kwa goli la Vedad Ibišević, ikapata kwenda Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza. Mwalimu wake alikuwa Safet Sušić, ambaye naye katika ujana wake alikuwa kiungo hodari wa Paris Saint-Germain.

Huko Brazil, mwaka 2014, walifungwa na Argentina 2 kwa 1, kisha wakafungwa na Nigeria 1 kwa 0. Mimi nilikuwa mdogo sana wakati ule, lakini baba mdogo hunisimulia kwamba mtaani kwetu watu walishangilia sana usiku ule, kwa kuwa Nigeria ni Afrika, na hakuna aliyefikiri juu ya Wabosnia. Nami nisingaliacha kushangilia. Lakini sasa nikijua habari zao, naona kwamba hata katika furaha yetu kulikuwa na watu upande wa pili waliotoka mbali mno kufika pale. Mchezo wa mwisho waliifunga Iran 3 kwa 1, wakarudi kwao wakiwa na ushindi wao wa kwanza katika Kombe la Dunia. Goli la pili lilifungwa na Pjanić. Baada ya hapo aliendelea kuichezea nchi yake hata akapita michezo 100. Wahenga husema, mcheza kwao hutunzwa. Yeye alikwenda kwanza kupatafuta kwao, ndipo akacheza.

Hizo ndizo habari nilizozipata. Sikuzipima kwa vikombe tu, maana vikombe vya Juventus havitafika katika bweni letu. Nimezipima kwa swali nililokuwa nalo, nalo ni kama inafaa kuendelea kufanya kazi isiyoonekana. Nimekumbuka pia kwamba mama yangu huamka saa kumi za usiku akaenda kununua samaki mnadani, na mimi nikiwa darasani sijapata kusikia mtu akimtaja kwa ajili hiyo, hali ada na sare yangu hutoka hapo. Katika kila nyumba yuko mtu wa namna hiyo, na nyumba ambayo hana huanguka.

Kwa hiyo sikwenda kwa mwalimu wa michezo kuomba namba nyingine. Nimeandikisha jina langu katika orodha ya wachezaji wa katikati, ambako tuko sita na nafasi ni mbili. Huenda nikachaguliwa, na huenda nikaachwa. Jioni, baada ya masomo, mimi na wenzangu wa Kidato cha Kwanza tunafanya mazoezi ya kutazama kabla ya kupokea mpira. Mmoja husimama nyuma yangu na kuinua vidole, nami hapana budi niseme ni vingapi kabla mpira haujanifikia. Atakaye kujiunga nasi na aje. Mpira tunao mmoja, lakini unatutosha.

Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu